Meno ya Watu Wawili: Kwa Pikipiki kutoka Mweso hadi Njia ya Omate

Niliondoka Mweso kwa sababu ya mke wangu Maselina, ambaye alikuwa ameshuka kwao msituni kumzika nyanya yake na hakurudi. Alikwenda wakati pareto inaanza kuchanua. Maua yakachumwa, yakakaushwa, yakapakiwa kwenye malori, mashamba yakalimwa upya, na Maselina bado yuko kwao. Kila mchuuzi wa chumvi aliyepanda kutoka upande ule nilimuuliza, na wote waliniletea jibu lile lile: anakusalimia, atakuja. Salamu hazipikwi zikaliwa. Nilifika mahali nikawa nakula nimesimama, ili nisikione kigoda chake kimekaa bure karibu na moto.

Miaka hiyo, Wabelgiji walipokuwa bado wanatupangia hata saa ya kuamka, nilikuwa fundi wa mashine katika shamba la pareto juu ya Mweso. Nilitengeneza vikaushio na pampu, hapo na katika mashamba ya jirani, na kwa hiyo nilikuwa barabarani siku nyingi kuliko nyumbani. Nilikuwa na pikipiki yangu mwenyewe, jambo ambalo watu weusi wachache waliweza kulisema. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyeitupa nyuma ya ghala, nami nikaifufua kidogo kidogo. Ilikuwa na kelele na ilivuja mafuta, lakini niliipenda, na sioni haya kusema hivyo.

Sasa msomaji asiyejua pikipiki anivumilie kidogo, maana safari yangu yote iliegemea hapa. Kwenye injini kuna gurudumu dogo la meno, ambalo sisi tuliliita pinyo. Kwenye tairi la nyuma kuna gurudumu kubwa la meno, ambalo tuliliita kurone. Mnyororo unayaunganisha. Ukiweka kurone kubwa zaidi, au pinyo dogo zaidi, pikipiki inapata nguvu ya kupanda na inapoteza mbio. Ukifanya kinyume, inakimbia vizuri tambarare, na mlimani inakuaibisha mbele za watu. Huwezi kupata vyote viwili. Unachagua kabla ya kuondoka, na ukishachagua, barabara nzima unakula ulichopika.

Kwa kazi zangu za kila siku nilikuwa na meno kumi na saba mbele na arobaini na mawili nyuma. Kwa mtu mmoja yalitosha. Lakini kati ya Pinga na Kalembe kuna mpando ambao ulikuwa ukizimisha hata malori, nami nilitaka kuupanda nikiwa na mke nyuma yangu na vyombo vyake. Njia zilikuwa mbili. Ningeweza kufunga pinyo la meno kumi na tano, kazi ya muda mfupi tu. Jino moja likipungua mbele ni karibu sawa na matatu yakiongezwa nyuma. Ubaya wake ni kwamba mnyororo unapojikunja kwenye duara dogo unachoka upesi, na ukiongeza tope la msituni, unakatika mahali ambapo hata mbwa habweki. Njia ya pili ilikuwa kufunga kurone ya meno arobaini na nane. Hiyo inataka mnyororo urefushwe na tairi lipangwe upya, lakini mnyororo unaishi. Nikachagua kurone.

Kurone yenyewe alikuwa nayo Papa Lazaro, mwenzangu wa karakana, mtu wa mzaha mwingi na kikohozi cha sigara. Aliitoa kwenye pikipiki iliyokufa, iliyokuwa na kibehewa cha kubebea mtu pembeni. Alinitazama nikipima mnyororo, akacheka.

"Gaspari, unaenda peke yako, na unafunga meno ya bantu wawili?"

"Kuenda niko mumoja. Kurudi tuko wawili."

"Basi beba na ile ya zamani mu mufuko. Kama anakataa, unaifunga kule, unarudi mbio."

"Siibebe. Nikiibeba ni kusema hatakuja."

"Kurone haijue kusema kitu," akasema Lazaro, na akaitundika ile ya zamani kwenye msumari ukutani.

Jioni hiyo alikuja baba yangu mdogo, Papa Yosefu, amevaa koti lake la kanisani na kushika fimbo, tayari kwa safari. Lazima nieleze desturi. Kwetu Wahunde na kwao Wanyanga, mume anayemfuata mke aliyekawia kwao hafungui kinywa mbele ya wakwe. Anakwenda na mtu wa kumsemea, mzee wa upande wake. Yeye anakaa, anatazama chini, anakunywa akipewa. Mtu wake ndiye anayeuliza na kujibu. Papa Yosefu ndiye aliyenisemea wakati wa kuoa, na alisema vizuri.

"Tunaenda na nini?" akauliza.

"Papa Yosefu, kiti ya nyuma iko moja tu. Nikikubeba wewe, Maselina atakaa wapi?"

"Na nani atakusemea?"

"Nitasema mwenyewe."

Mzee akaitazama ile pikipiki. "Utasema mwenyewe, mbele ya bakwe," akarudia. "Ao itasema hii tukutuku?" Kisha akavua koti, akalikunja vizuri, akaenda zake bila kuniaga.

Mimi nilijiambia kwamba desturi ile ilitungwa na watu waliokwenda kwa miguu. Kwa miguu, mtu wa pili hachukui nafasi ya yeyote. Nilijiona mjanja sana.

Asubuhi nilitoka Mweso kukiwa na umande. Nilifunga ngozi ya kondoo juu ya kiti cha nyuma, ili Maselina asiumie, na mbuzi wa wakwe nilishamtanguliza na wachuuzi waliokuwa wanashuka. Katika bonde la Mweso njia imenyooka, na hapo ndipo kurone ilianza kunitoza. Injini ilipiga kelele kama inaua mtu, na pikipiki ilikwenda mwendo wa ng'ombe anayerudi zizini. Lori lilinipita, kisha hata mtu wa baiskeli. Wanawake waliobeba viazi walikimbia pembeni kunipisha, wakangoja, wakachoka kungoja, wakarudi njiani. Ningeweza kucheka kama ningekuwa na wa kucheka naye. Kila baada ya muda nilirudisha mkono nyuma nikaigusa ile ngozi ya kondoo kuona kama bado ipo.

Adhuhuri nilifika Kalembe na mvua. Wakati ule, mvua ikinyesha, barabara ilifungwa kwa mti uliolazwa katikati, ili magari yasiichimbe. Hata gavana angesubiri udongo ukauke. Nilikuta lori moja limesimama hapo, na dereva wake ndiye aliyekuwa amenipita karibu na Mweso.

"Nilifikiri utafika kesho," akaniambia. "Hata bibi yangu na kuni ku mugongo angekupita."

Kila mtu aliyejikinga mvua chini ya kibanda cha pale alicheka. Karibu na mti wa mvua aliishi mjane aliyeitwa Mama Ruti, aliyewauzia wasafiri mahindi ya kuchoma. Yeye hakucheka. Alizunguka pikipiki, akaibonyeza ngozi ya kondoo kwa kidole.

"Hii ni ya nani?"

"Ya bibi yangu. Ninaenda kumutosha kwao, kumurudisha."

"Na muzee wako iko wapi, mwenye kusema?"

Nikamweleza habari ya kiti. Akanipa hindi la pili bila kulipiwa, na kwa namna alivyolitoa nilijua ananihurumia. Nilikasirika kidogo. Mti ulipoondolewa, nilimuaga kwa haraka.

Mteremko wa kutoka Kalembe kwenda Pinga ulinipa raha ya kwanza. Hapo kurone kubwa ni rafiki: ukiachia mpini wa mafuta, injini yenyewe inaizuia pikipiki, kama mtu aliyekushika shati kwa nyuma, na breki zinapumzika. Hewa ikawa nzito na ya joto. Vilima vyetu vyenye majani mafupi viliisha, ikaanza migomba, kisha miti ambayo vilele vyake sikuviona. Watu wakapungua. Kwetu Masisi ukisimama popote unaona moshi wa mtu fulani. Hapa nilikwenda kitambo kirefu bila kuona hata alama ya mguu.

Jioni nililala Pinga kwa katekista mmoja, Papa Stanislasi, ambaye alinipokea kwa furaha iliyonitia wasiwasi. Alikuwa hajapata mgeni tangu mvua kuanza. Aliniuliza habari za Mweso, za bei ya chumvi, za padri aliyehamishwa, na kila nilipojaribu kwenda kulala alileta swali jingine. "Hapa," aliniambia, "siku zingine ninafundisha katekisimu kwa sauti kubwa, na hakuna hata mutoto mumoja ndani. Nisikie tu sauti." Alisema hivyo akicheka, nami nikacheka naye. Kisha akaleta swali jingine.

Kesho yake niliingia msituni hasa. Kutoka Pinga kwenda upande wa Omate ilikuwa njia ya wachimbaji, imefyekwa upana wa lori moja, na tope lake jekundu lilikuwa la kunata. Lilijaa kati ya meno, likakandamizwa na mnyororo mpaka ukalia. Mara kwa mara nilishuka, nikachokoa tope kwa kijiti, jino baada ya jino. Hapo nilishukuru kwamba sikufunga lile pinyo dogo. Kwenye madaraja ya magogo nilishuka pia nikaisukuma, nikiongea nayo. Sikutaka kuwa mtu anayeongea na pikipiki, lakini sauti ya katekista wa Pinga ilikuwa bado masikioni mwangu.

Mahali fulani nilizima injini nipumzike. Kimya kilichokuja sikukipenda. Si kwamba hapakuwa na sauti: maji yalidondoka, ndege mmoja aliita, mwingine hakujibu. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa nimekipa mgongo kiti kitupu, na nilimtamani Maselina. Nilijiambia: kesho kutwa utapita hapa naye, utamwonyesha, mtacheka. Nikawasha tena.

Alasiri nilifika kwa wakwe zangu. Kijiji chao ni nyumba chache katika safu moja, migomba nyuma yake, msitu nyuma ya migomba. Nilitegemea kwamba Maselina, akisikia pikipiki, atatoka mbio mpaka kwenye kijito. Alitoka mbwa. Baba mkwe, Papa Alfonsi, mwindaji mrefu mwenye rozari shingoni, alinipa kigoda katika baraza ya wanaume. Wazee wengine wawili wakaja kukaa. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Mama mkwe, kwa kuwa mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, aliniuliza habari kutoka nyuma ya ukuta wa jiko.

"Mukwe alisafiri muzuri?"

"Muzuri, Mama."

"Mubuzi ilifika. Tunashukuru."

Papa Alfonsi alikunywa, akapangusa mdomo. "Umekuja na nani?" akauliza.

"Niko peke yangu, Papa."

Alielekeza macho kwenye pikipiki, kisha kwenye njia, akangoja, akitumaini kwamba Papa Yosefu anakuja polepole nyuma. Wale wazee nao wakageuka kutazama njia. Hakutokea mtu.

"Papa," nikasema, "nilikuja juu ya Mase..."

Mzee mmoja akakohoa kwa nguvu, mwingine akaanza kusifu mvua. Papa Alfonsi aliinua mkono taratibu, si kwa hasira. Alikuwa ananizuia nisijivue nguo mbele ya watu.

"Muntu akikuja peke yake," akasema, "njo amekuja kutusalimia. Tumefurahi sana. Umeletea sisi salamu. Kunywa, mutoto wangu."

Nikanywa. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini nimekuja, na kwa hiyo hapakuwa na wa kunijibu. Walinipa chakula kizuri, sombe ya majani ya muhogo na nyama ya pori, na heshima zote za mkwe, na mlango ulikuwa umefungwa. Maselina alinisalimia mbele ya watu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akarudi jikoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alionekana mzima, na hilo lilinifurahisha na kuniumiza kwa pamoja.

Asubuhi iliyofuata niliipeleka pikipiki kijitoni kuosha mnyororo. Maselina alikuja kuchota maji, akaweka mtungi chini, akakaa juu ya gogo. Watoto wa kaka yake walikuwa wanaogelea mbali kidogo, na kila mara mmoja alimwita shangazi amtazame anavyoruka.

"Hii kurone ni kubwa," akasema. "Ile ya zamani haikukuwa hivi."

Nikashangaa kwamba alijua. "Niliifunga juu yako. Tupande Kalembe wawili."

"Njo maana. Jana nilisikia moteri tangu ng'ambo ya kijito. Nikaambia mama: haiko yeye. Ya Gaspari hailie hivi. Hii inalia sana na haifike." Akatabasamu kidogo. "Ingekuwa ile sauti yako, ningetoka."

Nikaacha kusugua. "Uliijua sauti yake namna hiyo?"

"Sasa ningejua nini kingine? Kule kwenu kazi yangu ilikuwa kuisikia. Asubuhi ninasikia inashuka, inapita kona ya shule, inapotea. Siku ingine, ao ya tatu yake, ninasikia inarudi. Katikati hakuna kitu."

"Ndugu zangu bako kule, Maselina."

"Bako bazuri. Sisemi hapana. Banakuja, bananipa viazi, bananisalimia, banaenda kwao. Na baridi inabaki. Hapa nikikohoa tu, bantu watatu banauliza ni nini."

Kama kuthibitisha, mtoto mmoja aliita tena kutoka majini, naye akampungia mkono. Mimi ni fundi. Mtu akiniambia kitu kimeharibika, naanza kufikiria nitakitengeneza kwa nini.

"Nilikosea kumuacha Papa Yosefu," nikasema. "Nitarudi naye. Atasema na baba yako."

Maselina alitikisa kichwa. "Ungekuja naye, baba angenitoa jana ile ile. Ningepanda ile ngozi yako ya kondoo, nikushike kiuno, tupande Kalembe. Na wewe hungejua kama nilitaka."

"Ulitaka?"

Alichukua kijiti, akaanza kuchokoa tope lililobaki kwenye meno ya kurone, jino baada ya jino, kama nilivyokuwa nikifanya njiani. Alifika karibu nusu ya duara ndipo akajibu.

"Wewe, ninakutaka. Ile nyumba, hapana."

"Nifanye nini basi?"

"Kaa hapa."

"Kazi yangu iko kule."

"Unaona?" akasema, bila ubishi wowote. "Na yangu ilikuwa kukungoja." Akasimama, akajitwisha mtungi. "Siku utarudi, usikuje kunitosha. Uje tu. Ukae siku mingi, baba azoee sura yako, na mimi pia."

Nilitaka kumshika mkono, lakini watoto walikuwa wanatazama, na mtungi ulikuwa umejaa. Akapanda njia ya kwenda kijijini akienda wima kabisa, maji hayakumwagika. Nilibaki hapo nikilia kimya kimya, na mkono wangu ukiendelea kusugua mnyororo uliokwisha takata.

Asubuhi ya kuondoka Papa Alfonsi alileta mkungu mkubwa wa ndizi, akaulaza juu ya kiti cha nyuma, juu ya ile ngozi ya kondoo, akaufunga kwa kamba za msituni. Alivuta kila fundo mara mbili. "Kiti haiende tupu," akaniambia. "Ni haya kwa kijiji." Nilijua ananitendea wema, nikamshukuru kwa dhati. Maselina alisimama kwenye mlango wa jiko. Nilipowasha injini niliona amefumba macho, anaisikiliza ile sauti mpya. Alikuwa anajifunza kuijua.

Kurudi msituni sikusimama pale nilipopanga kumwonyesha. Pinga, Papa Stanislasi alitoka nje akiwa amenyoosha mikono miwili, akaona ndizi, akaishusha mikono. Hakuuliza maswali yake. Tulikula, akasali kwa ajili ya wasafiri na kwa ajili ya wanaobaki, na sala hiyo ya pili aliirefusha.

Kisha mpando wa Kalembe. Barabara ilikuwa imekauka. Nilikuwa nimeuogopa mlima huo tangu karakana, nimeufikiria usiku, nimeupimia kila jino. Nao ulipita chini yangu kama si kitu. Injini haikuhema. Kwenye kona ile ambapo malori huzimika, ile yenye mawe yaliyolegea, nilipita nikiwa nimekaa, mkono mmoja nimeuweka juu ya ndizi. Nguvu ilikuwepo, ya kutosha na kusaza, na ndiyo iliyonichoma. Ningefurahi kama pikipiki ingeshindwa, nishuke, nisukume, nitukane, nipate kazi ya mikono. Haikunipa hata hilo. Nilifunga meno ya watu wawili, nayo yalifanya yote niliyoyaomba.

Kalembe hapakuwa na mvua, lakini nilisimama. Mama Ruti alitazama mkungu wa ndizi, akatazama uso wangu.

"Ndizi ni nzuri," akasema.

"Ni za bakwe."

"Na wewe peke yako utaimaliza yote?"

Hakuwa na nia mbaya. Nilikata nusu ya mkungu nikamwachia. Alikubali, akanikalisha karibu na moto, akaendelea kugeuza mahindi yake. Nilikaa pale kuliko msafiri anavyopaswa kukaa. Nilipoondoka nilimuaga vizuri, tofauti na mara ya kwanza.

Mweso nilifika jua linazama. Lazaro alikuwa anafunga karakana. Aliona pikipiki, ngozi ya kondoo, nusu mkungu. Mzaha ulimjia mdomoni, nilimwona kabisa, akaumeza. Akaenda ukutani, akaitungua ile kurone ya zamani, akaipangusa vumbi kwa shati lake.

"Kesho ninaifunga?"

"Iache kwanza."

Nikabaki na meno yale makubwa. Nilifika kazini nimechelewa, wasimamizi wakanung'unika, watu wa baiskeli wakanipita kila siku na kunisalimia kwa majina ya kobe. Kuhusu magurudumu ya meno, msomaji, nililojifunza ni hili: kwa mlima na tope chagua kurone kubwa, usikate mbele, refusha mnyororo, na chokoa tope mapema. Hilo ningeweza kukufundisha hata bila kusafiri. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa nimeusema msemo huo mara nyingi, juu ya watu wengine.

Jumamosi moja Lazaro aliazima pikipiki yangu aende Kitshanga kumwona dada yake. Sikuwa na kazi siku hiyo. Nilikaa nyumbani, kwenye kigoda cha Maselina kwa mara ya kwanza, maana kilikuwa karibu na moto na baridi ilikuwa kali. Nilisikia injini ikishuka. Ikapita kona ya shule. Ikapotea.

Nikangoja. Jirani mmoja alileta viazi, akanisalimia, akaenda kwake. Mvua ndogo ilinyesha, ikaacha. Nilitengeneza mguu wa meza, nikamaliza. Nikatazama mlango. Saa za mchana zilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kuzijua, na nyumba ilikuwa ya baridi kweli. Sikuwahi kuijua baridi ile, kwa kuwa kila mara nilikuwa njiani.

Kiza kilikuwa kinaingia nilipoisikia mbali sana, ile sauti inayolia sana na haifiki. Moyo wangu uliruka kabla sijaukataza. Lazaro aliegemeza pikipiki ukutani, akaingia, akajikwaa.

"Gaspari? Juu ya nini uko mu giza? Taa iko wapi?"

"Nilisahau kuiwasha," nikamwambia. "Nilikuwa ninasikiliza moteri."